Shajara ya mradi: kerneli za seva za chuo, Novemba 2023 hadi Machi 2024

Jumatatu, 27 Novemba 2023

Leo tumepita seva moja baada ya nyingine na swali lilelile: kerneli ipi, yaani ile programu ya msingi ya Linux inayoendesha mashine nzima, inatembea sasa hivi, na ipi imelala kwenye diski ikisubiri zamu yake?

Seva zetu zote zina unattended-upgrades, ile programu inayoshusha na kusakinisha masasisho ya Debian, mfumo wa Linux tunaoutumia, kila siku bila kumuuliza mtu. Kwa programu za kawaida hiyo inatosha. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, inasasishwa, huduma inawashwa upya, kazi imekwisha. Kerneli ni habari nyingine. Kifurushi kipya kinaweka faili zake /boot, kinashusha moduli zake (vipande vya ziada vya kerneli) chini ya /lib/modules, menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, inaandikwa upya, halafu kimya. Ile ya zamani ilishapanda kwenye kumbukumbu siku mashine ilipowashwa, na itaendelea kukaa humo pamoja na matundu yake yote mpaka mtu azime na kuwasha.

Matokeo ya ukaguzi yametuchekesha. Mashine za maabara, zilizofungwa kwenye UPS ndogo zisizohimili hata nusu saa, zinaendesha 6.1.0-13, ambayo ndiyo mpya kabisa kwa Debian 12. Hakuna fundi aliyezihudumia. Umeme unakatika, zinazimika. Umeme unarudi, zinawaka na kerneli mpya. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni wetu miezi hii ni mgao wa umeme.

Seva ya uhasibu, ambayo chuo kiliigharimia UPS kubwa na jenereta inayojiwasha yenyewe, haijazimika tangu mapema mwaka 2022. Mashine tunayoilinda kuliko zote ndiyo iliyobaki nyuma kuliko zote. Inatumia Debian 11, na `uname -r` inajibu `5.10.0-11-amd64`.

Jibu hilo pekee halitoshi. Debian hubakiza jina la 5.10.0-11 kwa muda wote ambao moduli zilizojengwa kwa kerneli hiyo zinaendelea kukubaliana nayo, hata kama ndani viraka vimeongezwa. Toleo lenyewe linaonekana kwa `uname -v`:

`#1 SMP Debian 5.10.92-1 (2022-01-18)`

Ni mkia wa mstari huo uliotutoa jasho. Tundu liitwalo Dirty Pipe, lenye namba rasmi ya matundu ya usalama CVE-2022-0847, lilitangazwa tarehe 7 Machi 2022, na Debian 11 ililiziba kwa 5.10.92-2. Yetu ni 5.10.92-1. Jina ni lilelile, tofauti ni tarakimu ya mwisho tu, na aliyetazama `uname -r` peke yake angeapa kwamba mambo yako sawa.

Jumanne, 28 Novemba

Kwa watakaosoma shajara hii baadaye, Dirty Pipe ni hivi. Max Kellermann alikuwa akifuatilia malalamiko kuhusu faili za kumbukumbu (logi) za seva za wavuti: zilizobanwa kwa gzip zilikataa kufunguka vizuri, na kila alipochunguza alikuta baiti nane za mwisho zimebadilika. Programu zote zilizoshika faili hizo hazikuwa na kosa. Mwishowe alifika kwenye kerneli yenyewe. Data inapopitishwa kutoka faili kwenda kwenye paipu, mfereji wa kupitisha data kati ya programu, kwa njia ya mkato, bila kunakiliwa, kerneli inaazima ukurasa uleule wa faili uliomo kwenye kumbukumbu. Kuanzia toleo la 5.8 kulikuwa na alama moja kwenye muundo wa paipu ambayo haikusafishwa kabla ya kutumika tena. Alama hiyo ikibaki, kitakachoandikwa kwenye paipu baadaye kinaangukia juu ya ukurasa wa faili, hata kama faili ni ya kusomwa tu.

Yaani mtumiaji yeyote asiye na madaraka anaweza kugusa /etc/passwd, orodha ya watumiaji, kama inavyosomwa na mfumo, au programu inayoendeshwa kwa haki za root, mtumiaji mwenye madaraka yote. Hakuna mbio za kushindania wakati kama zilivyokuwa kwenye Dirty COW ya mwaka 2016. Hii inafanya kazi mara ya kwanza.

Mwenzangu wa mtandao alileta hoja kwamba seva ya uhasibu haina akaunti za wanafunzi, kwa hiyo nani atalitumia tundu hilo? Hoja ina uzito, lakini seva ina mfumo wa malipo wenye ukurasa wa kuingilia unaofikika kutoka nje. Mtu akipenya kwenye ukurasa huo anatua kama www-data, ambaye ni mtumiaji mnyonge. Kati ya www-data na root kinachosimama ni kerneli peke yake.

Kabla ya kuondoka tumefunga SSH ya seva hiyo iruhusu anwani za ofisi yetu tu. Haizibi tundu, inapunguza milango ya kulifikia.

Alhamisi, 30 Novemba

Nilidhani seva ya uhasibu ingekuwa kazi ya dakika chache: kerneli mpya ya Debian 11, 5.10.0-26, ilishatoka, unattended-upgrades imeishusha, kazi yetu ni kuwasha upya. Kabla ya kugusa chochote nikaendesha `dpkg --audit`.

Kifurushi cha linux-image-5.10.0-26-amd64 kimekwama katikati. Kwenye /boot, vmlinuz ya 5.10.0-26 ipo. Initrd yake haipo. Kwenye logi za apt, programu inayosakinisha vifurushi, kuna mstari unaojirudia: `No space left on device`. Sehemu ya /boot ya mashine hii ni ya megabaiti 236, kipimo ambacho kisakinishi cha zamani kilikipenda, na initrd za Debian hubeba draiva za karibu kila kifaa duniani. Kerneli inayotembea, iliyotangulia na mpya haziwezi kukaa humo pamoja.

Maana yake ni mbaya kuliko kukosa kiraka. Initrd ndiyo inayompa kerneli draiva za kufikia diski. Siku update-grub ikiendeshwa kwa sababu yoyote ile, 5.10.0-26 itakaa juu kabisa ya menyu bila initrd, na mashine ikizimwa itaishia kwenye maandishi meupe: `Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Jenereta ikigoma usiku mmoja tu, chuo kinaamka hakina uhasibu.

Tumeondoa kerneli ya katikati isiyotumika, `dpkg --configure -a` ikamaliza alichoanza, initrd ikajengwa. Nimeacha kubadili MODULES=most iwe dep, ingawa ingepunguza initrd sana. Initrd ya namna hiyo huchukua draiva za mashine iliyopo tu, na siku kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa, ikifa ukahamisha diski kwenye mashine nyingine, hazisomeki. Nafasi ya diski ni rahisi kuitafuta kuliko usiku wa namna hiyo.

Jumanne, 5 Desemba

Mpango umekubaliwa. Kundi la kwanza ni mashine pepe (kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine kwa programu) ya majaribio, ambayo hakuna anayeitegemea. La pili ni maktaba na mfumo wa masomo mtandaoni. La tatu ni seva mbili za chuma zinazobeba mashine pepe zote. Uhasibu iko peke yake, kwa tarehe atakayoitaja mhasibu mkuu. Kati ya kundi na kundi tunaacha siku kadhaa.

Kwenye kila mashine tunaweka njia ya kurudi kabla ya kwenda. GRUB_DEFAULT inawekwa saved, chaguo la kudumu linabaki kerneli ya zamani, halafu `grub-reboot` inaagiza kerneli mpya iwashwe mara moja tu. Kwenye amri ya kerneli tunaongeza `panic=30`. Kerneli mpya ikianguka, inasubiri sekunde 30, inajiwasha yenyewe, na safari hii GRUB inarudi kwenye ile ya zamani kwa sababu ruhusa ya mara moja imeshatumika. Initrd ya Debian nayo inaheshimu panic: ikishindwa kuiona diski, haikai ikisubiri mtu aandike amri, inawasha upya.

Kuna tahadhari mbili. GRUB haiwezi kuandika kwenye LVM, mfumo wa kugawa diski kwa programu, kwa hiyo mashine ambayo /boot yake iko ndani ya LVM haitafuta ile ruhusa ya mara moja na itazunguka kwenye kerneli mbovu bila mwisho. Pia kerneli ikiganda bila kuanguka, panic haisaidii kitu. Lazima awepo mtu karibu na kitufe. Ndiyo maana kazi hii haifanyiki ukiwa nyumbani.

Jumamosi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Ofisi tupu, wanafunzi wachache, siku nzuri ya kuzima mashine. Debian nao walipanga kutoa 12.3 leo, na vifurushi vyake vilianza kuonekana. Mchana tumepandisha mashine ya majaribio ikaingia 6.1.0-14, yaani 6.1.64-1. Ikawaka vizuri, huduma zote juu. Mwenzangu akataka tuendelee na maktaba wakati mikono bado ina moto. Tukakubaliana tule kwanza.

Jioni ikaja taarifa kutoka kwa Debian wenyewe: msisasishe mfumo wowote kwa sasa, na wenye unattended-upgrades wawe waangalifu. 12.3 imesitishwa. Kerneli 6.1.64 ina hitilafu inayoweza kuharibu data kwenye ext4, mfumo wa kupanga faili kwenye diski.

Tumezima vipima muda vya apt kwenye mashine zote za Debian 12, kila moja kwa mkono, tukahakiki kama kuna nyingine iliyokwishashusha 6.1.0-14. Mashine mbili za maabara zilikwishaishusha lakini hazijawashwa upya. Hizo tumeziondolea kifurushi mara moja, maana kwa mgao huu kusubiri hadi kesho ni kucheza kamari.

Jumapili, 10 Desemba

Debian 12.4 imetoka, na 12.3 imerukwa kabisa. Kerneli ni 6.1.66-1, kwa jina la 6.1.0-15.

Nimesoma chanzo cha hitilafu na naiandika hapa kwa sababu inafundisha namna matoleo ya muda mrefu yanavyotengenezwa. Matoleo kama 6.1 hayapati vipengele vipya. Yanapokea viraka vinavyochukuliwa kutoka kerneli mpya na kurudishwa nyuma. Kiraka kimoja cha ext4, kinachohusu faili zinazoandikwa moja kwa moja kwenye diski bila kupitia kashe, kilirudishwa kwenye 6.1. Kwenye kerneli mpya kiliegemea badiliko jingine lililotangulia kwenye sehemu iitwayo iomap, na badiliko hilo halikuwahi kurudishwa. Kiraka kikaingia bila mguu wake. Kikaungika bila lalamiko lolote, kikawaka, lakini baada ya kuandika namna ile alama ya mahali pa kuandikia ndani ya faili haikusogezwa ipasavyo, na maandishi yaliyofuata yakatua mahali pasipo pake.

Mashine ya majaribio tumeifuta na kuijenga upya kutoka kwenye kiolezo. Haikuwa na kitu cha kulilia.

Kwenye kikao cha simu mkuu wa kitengo aliuliza kama hili si ushahidi kwamba tulikuwa salama zaidi tulipokuwa hatuzimi mashine. Nimemjibu kwamba hitilafu hii ilidumu kwa watu siku chache, ikatangazwa na kuzibwa mbele ya macho ya kila mtu. Dirty Pipe imekaa kwenye seva ya uhasibu tangu Machi ya mwaka jana na hakuna taarifa iliyotushtua. Kilichotukinga jana ni kwamba kundi la kwanza lilikuwa mashine isiyo na mwenyewe, na kundi la pili lilikuwa halijaanza.

Jumatano, 13 Desemba

Tumekwenda kwa mhasibu mkuu kuomba tarehe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mkija wawili najua mnataka kuzima kitu."

Tukamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo nilitamani lingeulizwa na mkaguzi: "Tangu mapema mwaka jana hamjaizima. Kiliharibika nini?"

Nikamwambia kwamba hatujui kilichoharibika, na hilo ndilo tatizo; anayeingia kwa tundu hilo anakuwa mwenye mashine, na mwenye mashine anaweza kufuta nyayo zake. Hakubishana. Akauliza la pili: "Na mkiizima, itawaka?"

Hilo tulikuwa na jibu lake. Jumatatu na jana tulichukua nakala rudufu ya diski nzima, tukaifungua kama mashine pepe kwenye mtandao uliofungwa, tukaiwasha na 5.10.0-26. Haikuwaka. Ilisimama dakika moja na nusu ikitafuta diski, kisha ikaingia kwenye hali ya dharura ikidai nywila ya root. Kisa ni mstari wa /etc/fstab, orodha ya diski za kuunganishwa, unaoita `/dev/sdb1`, diski ya nje ya nakala iliyong'olewa zamani na mtu ambaye hayupo tena chuoni. Mashine ilikuwa inatembea bila shida kwa sababu fstab husomwa wakati wa kuwasha, na haikuwahi kuwashwa upya tangu diski hiyo ing'olewe. Tumeondoa mstari, nakala ikawaka hadi mwisho.

Mama akacheka. "Kwa hiyo ingekatika umeme ingebaki hivyohivyo chini?" Ndiyo, mama. Akatoa Jumamosi, kuanzia saa mbili usiku, mishahara ikiwa imeshapita. Sharti lake: Jumatatu saa mbili asubuhi risiti ziwe zinatoka.

Jumamosi, 16 Desemba

Kabla ya kuzima: nakala rudufu ya hifadhidata, nakala ya diski, na orodha ya milango yote iliyo wazi kwa `ss -tlnp`, imechapwa kwenye karatasi. Mwenzangu alicheka hiyo karatasi.

Mashine za chuma zina maringo yake. Baada ya amri ya kuwasha upya feni zilinguruma kama zinataka kupaa, skrini ikawa nyeusi, kisha kadi ya RAID ikaanza kuhesabu diski zake bila haraka yoyote. Kwa mashine pepe, muda wote huo haupo. Umezoea sekunde chache na moyo haujui kusubiri. GRUB ikapita, mistari ikaanza kushuka, na hatimaye dirisha la kuingia.

`#1 SMP Debian 5.10.197-1 (2023-09-29)`

Hapo karatasi ikafanya kazi yake. Kwenye orodha ya kabla kulikuwa na mlango 8080. Baada ya kuwasha haupo. Ni programu ya ripoti za bajeti, iliyowashwa kwa mkono siku iliposakinishwa na haikuwahi kuandikishwa kwenye systemd, programu inayowasha huduma mashine inapoamka. Ilikuwa hai kwa sababu mashine haikulala. Tumeiandikia huduma yake, tukaiwezesha, tukawasha mashine upya mara ya pili ili kuona inajiinua bila kushikwa mkono. Imejiinua.

Nimepitia pia /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities. Prosesa ni ya kizazi kinachoguswa na Meltdown na Spectre, yale matundu yaliyotangazwa Januari 2018, na kila faili inasema kinga ipo, isipokuwa moja inayolalamika kwamba maikrokodi ya prosesa, yaani programu iliyomo ndani yake, ni ya zamani. Imeingia kwenye orodha ya mwezi ujao.

Jumatatu risiti zilitoka.

Jumatano, 17 Januari 2024

Seva mbili za chuma zinazobeba mashine pepe zimeisha, na hakuna aliyehisi. Mashine pepe zilihamishwa zikiwa hai kutoka seva ya kwanza kwenda ya pili kwa `virsh migrate --live`, ya kwanza ikawashwa upya na 6.1.0-17, kisha zikarudishwa na zamu ikageuka. Mfumo wa masomo ulihama huku wanafunzi wakiendelea na jaribio. Hii ndiyo sehemu rahisi ya mradi kwa sababu fedha zake zilishalipwa zamani: hifadhi ya pamoja, na prosesa za kizazi kimoja pande zote mbili.

Mkuu wa kitengo ameuliza kuhusu kubandika viraka kerneli ikiwa inatembea, bila kuzima kabisa. Teknolojia ipo. Ksplice ilianzia MIT ikanunuliwa na Oracle mwaka 2011. Red Hat na SUSE walitoa kpatch na kGraft mwaka 2014, na msingi wa pamoja ukaingia kwenye Linux 4.0 mwaka 2015. Inavyofanya kazi, kiraka huja kama moduli yenye nakala iliyorekebishwa ya kipande cha msimbo, na kila kipande cha zamani kinapoitwa, wito unaelekezwa kwenye kipya. Ni kazi nzuri kwa kurekebisha mantiki. Kiraka kikibadili umbo la data ambayo tayari imejaa kwenye kumbukumbu, mambo yanakuwa magumu. Zaidi ya hapo, Debian haina huduma rasmi ya kutoa viraka vya namna hiyo. Ubuntu, Red Hat, SUSE na Oracle wanayo.

Maoni yangu niliyoyaandika kwenye jibu: hata ingekuwa bure nisingeianzia hapo. Seva ya uhasibu ingebandikwa viraka vyote, ingekuwa salama dhidi ya Dirty Pipe, na bado ingekuwa na /boot iliyojaa, fstab inayoita diski isiyokuwepo, na programu ya ripoti isiyojua kujiwasha. Hayo yote yaligunduliwa kwa sababu tulilazimika kuizima.

Jumatano, 14 Februari

Debian 12.5 ilitoka Jumamosi na kerneli 6.1.0-18, yaani 6.1.76-1. Kundi la kwanza lilipanda siku hiyohiyo, maabara na maktaba zinafuata wiki hii. Kompyuta ya ramani imekwama: draiva ya kadi ya picha, isiyo ya chanzo huria, hujengwa upya kupitia DKMS kila kerneli inapobadilika, na juu ya 6.1.0-18 imekataa kujengwa. Tumeiacha kwenye 6.1.0-17 hadi draiva irekebishwe. Haina akaunti za watu wengi na haionekani kutoka nje, inaweza kusubiri.

Jambo jingine la wiki hii: mradi wa kerneli ya Linux sasa umepewa mamlaka ya kutoa namba za CVE wenyewe. Wanaotunza matoleo thabiti wamekuwa wakisema miaka yote kwamba hitilafu yoyote ya kerneli inaweza kuwa tundu la usalama, na sasa namba zitatolewa kwa wingi unaolingana na imani hiyo. Kuna pendekezo mezani kwetu kwamba kila CVE ya kerneli ijadiliwe kwanza, ikionekana nzito ndipo tuombe kuzima. Nimelipinga. Tutazamishwa na namba. Tunachukua kerneli nzima ya Debian kama ilivyo, tunaipitisha kundi la kwanza, tunawasha upya mara moja kwa mwezi. Mjadala ubaki kwa zile chache zisizoweza kungoja mwisho wa mwezi.

Ufuatiliaji nao umekaa sawa. Kila mashine inaendesha `needrestart -b` na kutuma mstari wa NEEDRESTART-KSTA. Ikisema 1, kerneli inayotembea ndiyo mpya. Ikisema 3, kuna toleo jipya linasubiri. Namba 2 ndiyo niliyoitaka zaidi: jina ni lilelile lakini ndani kuna sasisho, ile hali ya 5.10.92-1 na 5.10.92-2. Kwenye ubao wa ofisi 2 na 3 zote zinawaka nyekundu.

Alhamisi, 28 Machi

Juzi mtafiti anayejiita Notselwyn amechapisha maelezo kamili na msimbo unaofanya kazi wa CVE-2024-1086. Ni tundu la nf_tables, sehemu ya kerneli inayochuja pakiti za mtandao: kumbukumbu iliyokwishaachiliwa inaachiliwa tena, na mtumiaji wa kawaida anatoka akiwa root. Inahitaji namespace (vyumba vilivyotengwa ndani ya kerneli) za watumiaji wasio na madaraka, ambazo Debian huziruhusu kwa chaguo-msingi tangu toleo la 11.

Seva ya maabara ya programu ndiyo mahali pake hasa. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili ana akaunti humo, anaandika C humo, na wapo wenye udadisi wa kujaribu msimbo kama huo kabla ya chakula cha mchana. Kiraka kilikuwemo kwenye 6.1.76-1, na maabara ipo juu yake tangu Februari. Leo asubuhi nimekuta faili la msimbo huo kwenye saraka ya mwanafunzi mmoja, limeungwa na kuendeshwa. Bado ni mwanafunzi tu. Nimemwita kwa mazungumzo, si kwa adhabu; ameulizwa kama angependa kusaidia kundi la kwanza mwezi ujao.

Yaliyobaki: uhasibu bado ni Debian 11, na mwaka huu toleo hilo linaingia mikononi mwa timu ya LTS, inayotoa viraka vya muda mrefu. Kuhamia 12 kunahitaji mtengenezaji wa mfumo wa malipo athibitishe toleo jipya la PHP, lugha ya programu, na barua imekwenda. /boot mpya ya gigabaiti moja itawekwa siku hiyohiyo. Maikrokodi ya prosesa imesakinishwa na inasubiri dirisha la Aprili, ambalo mama mhasibu ameliweka Jumamosi ya tarehe 20.